Steshenari ndiyo kaunta ya serikali mtandao, itambuliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu huduma za serikali zinazotolewa kwa mtandao hapa nchini Tanzania. Mifumo tunayo, na mingine ni mizuri kweli. Lakini wananchi wengi hawaifikii kwa simu zao wala kwa kompyuta ya nyumbani. Wanaifikia steshenari, kwenye kile chumba chenye mashine ya kudurufu, printa, skana na kompyuta mbili, jirani na stendi au ofisi ya halmashauri. Maombi ya ajira, mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa, TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, vyote hupita mikononi mwa kaka au dada anayekaa pale. Huyo ndiye ofisa wa kaunta wa serikali mtandao, ingawa hakuna mkataba wala kibao kinachomtambua. Mifumo yetu imejengwa kana kwamba hayupo, na matatizo mengi tunayolalamikia yanaanzia hapo.

Chukua mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu, maana safari yake ni ndefu. Kwa utaratibu uliozoeleka, kabla hajafungua mfumo wa Bodi ya Mikopo anatakiwa cheti chake cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Uhakiki unaombwa kwa mtandao: cheti kinaskaniwa, kinapandishwa, inatoka namba ya malipo, analipa, anasubiri. Ndipo anaingia kwenye mfumo wa mkopo, anajaza, analipa, kisha anaambiwa achapishe fomu. Fomu inakwenda kwa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji kupata saini na muhuri, inakwenda kwa wakili au hakimu, inarudi steshenari kuskaniwa, inapandishwa upya. Taarifa iliyokwisha kuwa ndani ya kompyuta ya serikali inatolewa kwenye karatasi, inazungushwa kwa bodaboda, halafu inarudishwa kwenye kompyuta ya serikali ikiwa picha ambayo lazima mtu aifungue na kuikodolea macho.

Sasa tazama akaunti yenyewe inavyofunguliwa. Mfumo unadai barua pepe na mwombaji hana, kwa hiyo mhudumu anamfungulia. Namba ya simu inayowekwa kwa ajili ya uthibitisho ni ya mhudumu, kwa sababu simu ya mteja imeisha chaji na foleni imefika barazani. Nywila ni ile ile kwa wateja wote, jina la duka na 123, ili mteja akirudi isiwe taabu kuikumbuka. Miezi baadaye mtu huyu anaitwa kwenye usaili au anatakiwa kurekebisha kiambatisho. Taarifa imeingia kwenye barua pepe asiyoweza kuifungua. Akibofya kwamba amesahau nywila, kiungo kinatumwa kwenye barua pepe hiyo hiyo. Akifungua akaunti mpya, mfumo unamkataa kwa sababu namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, imeshatumika. Hapo hana njia ila kupiga simu huduma kwa wateja, kama itapokelewa.

Tatizo hili linatibika kwa vitu tulivyonavyo tayari. Namba ya utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na usajili wa laini kwa alama za vidole uliofikia ukomo wake Januari 20, 2020 uliunganisha namba hiyo na laini ya simu. Maana yake mitandao ya simu inajua laini gani imesajiliwa kwa namba gani ya NIDA. Mwananchi aingie kwenye mfumo kwa namba ya NIDA na msimbo unaotumwa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na barua pepe iwe hiari. Tahadhari ni mbili. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hugawiwa mtu mwingine, kwa hiyo kabla ya kutuma msimbo mfumo lazima uulize mtandao wa simu kama laini bado iko chini ya NIDA hiyo hiyo. Na aliyepoteza laini apate njia ya kurejesha akaunti kwa alama ya kidole katika ofisi ya kata, asilazimike kwenda makao makuu ya taasisi.

Mhudumu wa steshenari naye apewe akaunti yake, ya uwakala. Watanzania wanamjua wakala: wanamwachia fedha zao kila siku kwa sababu ana namba, ana kibao, na kila muamala unaacha ujumbe kwenye simu ya mteja. Kwenye huduma za serikali ingekwenda hivi. Wakala anaingia kwa akaunti yake mwenyewe na kuanzisha ombi kwa namba ya NIDA ya mteja. Mteja anapokea ujumbe kwa Kiswahili kwamba wakala namba fulani anataka kujaza ombi fulani kwa niaba yake, na gharama ya serikali ni kiasi fulani. Akikubali anampa msimbo unaokufa baada ya dakika kumi. Ombi likikamilika, muhtasari unasomwa mbele yake na msimbo wa pili ndio unaolituma. Ombi ni mali ya mteja. Kesho anaweza kwenda duka jingine, au kulifungua kwenye simu ya mwanawe, na likawepo. Kila ujumbe lazima utaje kitendo kinachoidhinishwa, kwa sababu msimbo mtupu usio na maelezo ndio mlango wa matapeli.

Rwanda walianzisha Irembo, mfumo wao wa huduma za serikali kwa mtandao, mwaka 2015 na wakaweka mawakala wanaowahudumia wasio na intaneti. Kenya walifungua Huduma Centre ya kwanza Nairobi mwaka 2013, wakawakusanya maofisa wa taasisi mbalimbali kwenye ukumbi mmoja. Sisi tunavyo Vituo vya Huduma Pamoja katika majengo ya Posta, na ni jambo jema, lakini mkazi wa wilaya ya pembezoni kama Kakonko au Liwale hatapanda basi kukifuata kituo kilichoko mji mkubwa wakati steshenari iko ng'ambo ya barabara. Tena tunao mfano wa nyumbani unaonipa matumaini zaidi. Mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya mwaka 2013, ulipeleka usajili wa vizazi kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Taarifa za mtoto zinatumwa kwa simu ya mkononi, cheti kinaandikwa papo hapo, na mzazi halipi kitu. Mpango ule umeshika kwa sababu huduma ilipelekwa mahali ambapo mama tayari anakwenda na mtoto wake.

Niingie kwenye ufundi kidogo, maana huko ndiko siku nzima ya mwananchi inakopotelea. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inatoa picha ya nukta 2,480 kwa 3,508, karibu milioni 8.7, na kwa rangi kila nukta inabeba taarifa mara tatu ya picha ya kijivu. Ikiskaniwa kijivu kwa dpi 150, nukta zinabaki kama milioni 2.2, robo ya zile, na cheti kilichopigwa chapa kinasomeka vizuri kabisa. Vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono, au vyenye muhuri uliofifia, vinahitaji dpi 200. Skana nyingi zimeachwa kwenye rangi na 300 kama zilivyotoka dukani. Faili linatoka nzito, mhudumu anasubiri lipande, na mwishoni mfumo unalikataa kwa ujumbe wa Kiingereza usiosema kikomo ni kiasi gani. Afanyeje? Anafungua tovuti ya bure ya ng'ambo inayopunguza ukubwa wa PDF. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na matokeo ya kidato cha nne ya Mtanzania vinasafiri hadi kwenye seva ya mtu asiyejulikana, kisha vinarudi ili vipokelewe na serikali. Kazi hiyo ya kupunguza ukubwa inaweza kufanywa na ukurasa wenyewe wa maombi, ndani ya kivinjari, kabla faili halijatumwa. Mtengenezaji mmoja wa mifumo anaimaliza kwa siku chache. Na faili lipandishwe kwa vipande, mtandao ukikatika liendelee pale lilipoishia badala ya kuanza upya.

Fomu nayo ijihifadhi yenyewe kila sehemu inapokamilika. Kwa usalama, mifumo mingi humtoa mtumiaji akikaa dakika kadhaa bila kubofya, na hilo ni sahihi. Kosa ni kumtoa pamoja na kila alichoandika, wakati alikuwa ameinuka tu kwenda kupiga picha ya pasipoti chumba cha pili.

Jingine halionekani kirahisi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Mfumo uliohifadhiwa kwenye seva za hapa nchini ulipaswa kuendelea kufanya kazi, kwa sababu data haihitaji kuvuka bahari. Lakini ukurasa unaovuta fonti, kapcha (jaribio la kuthibitisha kwamba wewe si roboti), ramani na vifurushi vya programu kutoka seva za ng'ambo unagoma kufunguka hata kama seva yake kuu iko Dodoma. Mhudumu anaona duara linazunguka tu na anadhani mfumo wa serikali umekufa. Jaribio la kugundua udhaifu huu ni rahisi: kabla ya kuzindua mfumo, ufungue kwenye kompyuta iliyozuiwa kufikia seva za nje ya nchi. Kila kinachovunjika kihamishiwe kwenye seva yetu.

Malipo ndiyo sehemu tuliyofanya vizuri kuliko zote, na inastahili sifa. Tangu GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki, uanze mwaka 2017, taasisi inatuma ankara, inarudi namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na mtu analipa benki au kwa simu ya mtandao wowote. Habari za kuandika namba ya akaunti ya benki kwenye karatasi na kurudisha stakabadhi ya benki zimekwisha. Kasoro iliyobaki ni pale fedha zinapokatwa kwenye simu lakini taarifa ya malipo haijafika kwenye mfumo wa taasisi. Mteja anaona bado anadaiwa, anaomba namba nyingine, analipa mara ya pili. Dawa ni kitufe kimoja cha kuuliza upya hali ya malipo ya namba ile ile, na mfumo ukatae kutoa namba mpya kwa deni lile lile mpaka ya kwanza imefutwa au muda wake umekwisha.

Kwa wenye kitochi kuna *152*00#, menyu ya huduma za serikali isiyohitaji intaneti, inayofanya kazi hata kwenye mtandao wa 2G. Skrini moja ya menyu za aina hiyo, ziitwazo USSD, inabeba herufi 182 tu, na sentensi za Kiswahili hazipendi kubanwa. Isitumike kujaza fomu ndefu. Itumike kujibu swali moja: ombi langu limefika wapi na linakosa nini? Sehemu kubwa ya safari za kurudi steshenari ni za kuuliza hilo tu, na kila safari ina nauli yake.

Nirudi kwenye karatasi, kwa sababu hapo ndipo mzizi ulipo. Uwezo wa mifumo kuzungumza upo. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina GovESB kwa ajili ya taasisi kubadilishana taarifa, na vyuo vinavuta matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, kwa namba ya mtihani bila kumdai mwombaji kivuli cha cheti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu na saini za kielektroniki, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeongeza nguvu. Kwa nini basi viambatisho havipungui? Muulize ofisa anayepitia maombi, atakwambia mkaguzi akija atataka kuona kivuli kwenye jalada. Hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu atakayejibu hoja ya ukaguzi ni yeye. Kuunganisha mifumo peke yake hakuiondoi. Inaondolewa na waraka uliokubaliwa mapema na ofisi ya Mkaguzi Mkuu, unaosema kwamba taarifa iliyovutwa moja kwa moja kutoka RITA, NIDA au NECTA, ikiwa na tarehe, saa na namba ya muamala iliyohifadhiwa, ni ushahidi tosha, na ni marufuku kudai kivuli juu yake. Bila waraka huo tutaendelea kujenga madaraja ya mifumo huku tukimtuma mwananchi apite chini akiwa na bahasha.

Kuna kitakachotokea mara tu mifumo itakapoanza kuulizana, na ni afadhali kukitarajia: majina hayatafanana. NIDA yuko Mohamed, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cheti cha shule Muhammad. Zainabu na Zainab, Saidi na Said, Ally na Ali. Mwingine jina la tatu ni la babu upande mmoja na la ukoo upande mwingine. Programu inayolinganisha herufi kwa herufi itawakataa watu halali kwa maelfu na kuwapeleka kwa mawakili kutafuta hati za kubadili majina. Ulinganishaji uwe wa ngazi tatu. Yanayofanana kabisa yapite. Yanayokaribiana, huku tarehe ya kuzaliwa na jina la mama vikilingana, yapelekwe kwa ofisa aliyepewa siku mbili za kuamua, na uamuzi wake ukubalike na taasisi zote ili mtu asiitetee herufi moja kila anapokwenda. Yaliyo mbali kabisa ndiyo yadai kiapo. Orodha ya tahajia zinazobadilishana iandaliwe na watu wanaoyajua majina ya pwani na bara, kwa sababu zana za kulinganisha majina zilizotengenezwa kwa Kiingereza hazijui kwamba ile "i" ya mwisho ni ya Kibantu na haibadilishi mtu.

Uwakala rasmi ungetatua pia suala la faragha ambalo sasa tumelifumbia macho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Hata hivyo kompyuta ya steshenari ya kawaida ina folda iliyojaa vitambulisho na vyeti vya wateja wa miaka mingi, na daftari la nywila zao liko kwenye droo. Mhudumu hana nia mbaya. Anatunza kwa sababu mfumo haukumpa njia nyingine ya kumsaidia mteja akirudi. Akiwa na akaunti ya wakala, vyeti vinakaa kwenye mfumo, na duka halina sababu ya kubaki na hata ukurasa mmoja.

Ombi langu ni kwamba Mamlaka ya Serikali Mtandao, TAMISEMI inayosimamia serikali za mitaa, na taasisi mbili tatu zenye waombaji wengi waanze na halmashauri moja, kwa msimu mmoja wa maombi. Steshenari zenye leseni ya biashara ziandikishwe, wahudumu wapewe nusu siku ya mafunzo: kuskani kwa kijivu, kusoma muhtasari mbele ya mteja, kutowahi kuweka namba yao kwenye ombi la mtu, na kufuta faili jioni. Bei ya kusaidiwa ipangwe na kubandikwa ukutani, kando ya ada ya serikali, ili mteja aone kipi ni kipi. Tarehe za mwisho zigawanywe, kwa mfano kwa mikoa, kwa sababu kila tarehe moja ya nchi nzima huleta wiki nzima ya waombaji ndani ya usiku mmoja na seva kuelemewa.

Na kinachopimwa kibadilike. Taarifa za taasisi hupenda kutaja idadi ya mifumo na idadi ya waliojisajili. Zitaje pia maombi mangapi yalirudishwa, kwa sababu gani, na mwombaji alitumia siku ngapi tangu kuanza hadi kupata jibu. Kila Ijumaa sababu tatu zinazoongoza za kurudishwa maombi ziwekwe wazi. Sababu ikiongoza wiki tatu mfululizo, fomu ndiyo yenye kosa, na aliyeijenga apewe tarehe ya kuirekebisha kabla ya dirisha la msimu unaofuata kufunguliwa.

Wako,
Mtaalamu wa mifumo ya TEHAMA,
Dodoma